Rügen: kila upepo na pwani yake

Pwani ya Paje, Zanzibar, anayetaka kuingia majini na kaiti, tiara kubwa linalomvuta mtu juu ya ubao, hutazama jedwali la maji kwanza. Upepo wenyewe anaujua: ni kaskazi au ni kusi, umeshasimama na utakaa miezi. Kinachobadilika kila siku ni kujaa na kupwa. Rügen, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ujerumani, ndani ya Bahari ya Baltiki, hesabu hiyo imepinduka. Kujaa na kupwa ni kama hakupo. Tofauti ni sentimita kumi hivi, na asiye na kipimo hawezi kuiona. Upepo ndio usiotulia. Unaweza kuamka kusini-magharibi, ukawa wa magharibi adhuhuri na kulala kaskazini-magharibi, na kila unapogeuka unaihamisha pwani inayofaa.

Kwa hiyo Rügen watu huuliza kwanza upepo unatoka wapi. Nguvu yake ni swali la pili, na lina mitego yake. Hilo linawahusu sawasawa wenye kaiti na wenye windisafu, yaani ubao wa tanga, ingawa kila kundi lina matatizo yake. (Hapa tukisema upepo wa magharibi, maana yake unaotoka magharibi, kama mabaharia wanavyosema kila mahali.)

Kisiwa kilichokatikakatika

Kwenye ramani Rügen haionekani kisiwa kimoja. Ni vipande: Wittow kaskazini, Jasmund kaskazini-mashariki, Mönchgut kusini-mashariki, na bara la katikati, vyote vikishikana kwa ndimi nyembamba za mchanga. Eneo lake ni kilomita za mraba 926, kwa ukubwa kinakaribia Pemba, na kama Pemba kimejaa hori. Kutoka kaskazini hadi kusini ni kilomita 52 tu, lakini ukifuata pwani yake yote na mikunjo yake utatembea kilomita 574.

Maji yake ni ya aina mbili. Nje kuna bahari ya wazi, yenye mawimbi. Ndani kuna kile Wajerumani wa pwani hii wanachokiita Bodden: hori pana, lenye kina kifupi, lililozingirwa na nchi kavu karibu pande zote na kupumua kwa milango myembamba. Greifswalder Bodden, kubwa kuliko nyingine, ina zaidi ya kilomita za mraba 500 na bado kina chake cha wastani hakifiki mita 6. Nyingine, kama Wieker Bodden, zina sehemu kubwa ambazo mtu mzima anasimama.

Mambo mawili ya umbo la nchi yanaamua mengi. La kwanza ni Hiddensee, kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita 17 hivi kilicholala mbele ya Rügen upande wa magharibi. Kichwani, kaskazini, kina vilima vya Dornbusch vyenye mita 72, lakini kiwiliwili chake ni tambarare, mita chache tu juu ya maji. Upepo wa magharibi unapita juu yake bila kukatwa, mawimbi yanakomea huko. Kinachofika upande wa pili ni upepo mzima juu ya maji bapa, jambo ambalo kwingineko watu hulitafuta kwa kusafiri maelfu ya kilomita.

La pili ni Jasmund, na hiyo inafanya kinyume. Ni nchi ya juu yenye msitu wa miti ya bichi, ikifikia mita 161, na upande wa bahari inakatika ghafla kwa majabali meupe ya chaki. Lile maarufu, Königsstuhl, lina mita 118. Upepo wa magharibi ukivuma, upande wake wa demani (upepo unakoelekea), kuelekea Sassnitz, unabaki na kivuli. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kivuli cha upepo hufika angalau mara kumi ya kimo cha kizuizi, yaani hapa zaidi ya kilomita moja baharini. Na kivuli hakina maana ya utulivu: ni ukimya wa sekunde kadhaa, kisha bonge la upepo linaloanguka kutoka juu. Kaiti haivumilii hali hiyo. Chini ya majabali ya Jasmund hakuna pwani ya kaiti, kwa upepo wowote.

Magharibi na kusini-magharibi

Upepo wa pande hizi ndio wa siku nyingi zaidi katika mwaka, kwa kuwa migandamizo midogo ya hewa inayotoka Atlantiki hupita juu ya Skandinavia na kuuvuta.

Mahali pa kwanza kutajwa ni Suhrendorf, pwani ya magharibi ya Ummanz, kisiwa kidogo kilichounganishwa na Rügen kwa daraja. Mbele yake iko Hiddensee, na maji ya kati yanafika magotini au kiunoni kwa mamia ya mita. Mwanafunzi anayeanguka anasimama, anapangusa uso, anaanza upya. Upepo unaofaa ni kuanzia kusini-magharibi hadi kaskazini-magharibi.

Uzuri huo una bei, na anayelipa kwanza ni mwenye ubao wa tanga. Pezi la mbio, lile linalochomoza chini ya ubao, lenye sentimita 40 litagusa chini mapema kuliko anavyodhani. Pezi likigota kwenye fungu la mchanga ubao unasimama papo hapo, mwili unaendelea. Na kama hanesi, mkanda wa kiunoni wenye ndoano, ilikuwa imeshikana na kamba za tanga, mtu anarushwa mbele pamoja na mlingoti, na kichwa kinaweza kukutana na chuma au na ncha ya ubao. Dawa ni pezi fupi, sentimita 24 hadi 30, lililolala kwenda nyuma ili majani ya bahari yateleze badala ya kunasa. Majani haya, yanayoota kwenye Bodden kila kiangazi, hukusanyika kwenye pezi lililosimama wima hadi ubao unakuwa kama umefungwa nanga. Ukihisi ubao umekuwa mzito bila upepo kupungua, ndiyo hayo.

Mwenye foili, yaani ubao unaoinuliwa na bawa lililo chini ya maji, asihangaike na Suhrendorf. Mhimili wa foili una sentimita 75 hadi 90, na bado kuna bawa chini yake na nafasi ya makosa. Chini ya mita moja na nusu ya maji ni kuvunja vyombo.

Mwenye kaiti naye hudanganywa na kina kifupi. Maji ya magotini yanaonekana salama kwa sababu hayazamishi, ila kuruka mita tatu hewani na kutua kwenye sentimita 50 za maji ni kutua kwenye sakafu iliyotandikwa shuka. Vifundo na magoti huumia hapo kuliko mahali pengine popote kisiwani. Kuruka kufanyike panapofika kifuani, na si karibu na kingo za mafungu ambapo rangi ya maji inageuka kutoka kijani kwenda kahawia nyepesi.

Kaskazini, kwenye Wieker Bodden, upepo uleule una nyumba mbili. Kijiji cha Wiek kiko ukingo wa mashariki, Dranske ukingo wa magharibi. Upepo wa magharibi unafika Wiek ukitoka majini: umejaa, haukatikikatiki, umekusanya viwimbi vifupi njiani, na chombo kikivunjika unarudishwa ulikotoka. Dranske, siku hiyohiyo, upepo unatoka nchi kavu. Maji karibu na ukingo ni kioo, ila mita mia za kwanza upepo umechanwa na nyumba na miti. Ukishaipita sehemu hiyo unapata maji bapa kuliko yote ya Wittow. Kwa kawaida upepo wa kutoka nchi kavu ni marufuku kwa mtu mwenye akili, lakini hapa kuna ukuta mbele: atakayeshindwa, upepo utamsukuma hadi upande wa Wiek, si hadi Denmark. Atarudi kwa miguu, kwa aibu, na mguu mmoja una matope. Upepo ukigeuka mashariki, vijiji hivi viwili vinabadilishana sifa zote.

Kusini-mashariki kabisa, Thiessow ina faida nyingine: ncha ya Mönchgut ni nyembamba kiasi kwamba bahari ya wazi na Greifswalder Bodden viko umbali wa matembezi mafupi. Upepo wa kusini-magharibi unapita juu ya Bodden nzima kabla ya kufika, kwa hiyo usitegemee kioo. Tegemea viwimbi vya nusu mita hadi mita, vimebanana, vinavyochosha magoti.

Mashariki, upepo wa majira ya kuchipua

Aprili na Mei mara nyingi mgandamizo mkubwa wa hewa hukaa juu ya Skandinavia na kuupeleka upepo wa mashariki au kaskazini-mashariki kwa siku kadhaa mfululizo. Ndipo pwani za nje zinapoamka, na ndipo Rügen inapopata mawimbi ya kweli.

Ghuba ya Prorer Wiek, kati ya Mukran na Binz, imeelekea mashariki moja kwa moja, na mbele yake bahari iko wazi kwa mamia ya kilomita. Upepo wa noti 25 (noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.85) ukivuma siku nzima huleta mawimbi ya mita moja na nusu hadi mbili. Anayeyajua mawimbi ya bahari kuu atashangaa jinsi haya yalivyo karibukaribu: kati ya wimbi na wimbi ni sekunde nne hadi sita tu. Hakuna muda wa kupumua katikati. Yanavunjikia kwenye mafungu ya mchanga yaliyolala sambamba na ufuko, moja au mawili, na kati ya fungu na ufuko kuna mfereji wa maji marefu zaidi ambamo mkondo hukimbia kufuata pwani.

Kutoka hapo kunataka mpango. Mwenye ubao wa tanga husubiri wimbi kubwa la kundi lipite, aingie haraka hadi kiunoni, apande na kuushika upepo kabla ya fungu la nje, akipita kwenye pengo ambako povu ni kidogo. Akisita juu ya fungu, tanga linakwenda na wimbi na mlingoti unavunjika kwa kujichomeka mchangani. Ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote hapa. Mwenye kaiti kazi yake ni nyepesi zaidi, mradi kaiti ibaki juu, maana ikianguka ndani ya mawimbi inajaa maji, na kamba zenye mita 20 na zaidi zinajizungusha kwa yeyote aliye karibu.

Mwisho wa kaskazini wa ufuko huu kuna bandari ya Mukran na gati lake. Upepo wa kusini-mashariki unakusukuma huko. Ingia upande wa Prora, na uwe unahesabu: kila safari mbili za kwenda na kurudi, je, umeshuka kiasi gani? Upepo ukigeuka kutoka kaskazini zaidi, Jasmund inaanza kuukata na mahali panakufa. Na upepo wa magharibi hapa usahau. Nyuma ya miti limesimama jengo la Prora, lenye urefu wa kilomita nne na nusu, lililoanzwa na utawala wa Hitler mwaka 1936 kwa ajili ya mapumziko ya wafanyakazi na lisikamilike. Sijui kizuizi cha upepo kirefu kuliko hicho.

Vaa viatu. Eneo la Mukran limejaa jiwe gumegume, ambalo likipasuka huwa na makali ya kisu.

Ghuba ya pili ni Tromper Wiek, mbele ya Schaabe, ulimi wa mchanga unaounganisha Jasmund na Wittow. Imeelekea kaskazini-mashariki na ina umbo la mundu, kwa hiyo ncha zake mbili hazioni upepo sawa. Glowe, ncha ya kusini-mashariki, inaelekea kaskazini zaidi na hupokea hata upepo wa kaskazini-magharibi kwa ubavu. Juliusruh, ncha ya pili, hutaka upepo wa mashariki. Kilomita chache kati yao zinaweza kuwa tofauti ya kuingia majini na kukaa garini.

Lobbe, kusini ya Göhren, ni ya mashariki pia na ina watu wachache. Göhren yenyewe ina Buskam, jiwe kubwa lililoachwa na barafu ya kale, mita 300 hivi kutoka ufukoni. Siku ya mawimbi halionekani vizuri.

Kaskazini-magharibi ni ya Wittow, upande wa Kreptitz na Nonnevitz: mawimbi mazuri, mawe chini, magenge nyuma. Ni ya waliokwisha kuzoea, na wasiende peke yao. Upepo wa kusini mtupu hauna mahali pake maalumu. Wengi humalizia Greifswalder Bodden.

Maji yanayoondoka bila mwezi

Tulisema kujaa na kupwa hakupo. Usawa wa maji hata hivyo unabadilika, na mgeni hulijua hilo akiwa ameshafika.

Chukua beseni la maji, uliinamishe, kisha uliweke chini ghafla. Baltiki ndivyo ilivyo. Upepo mkali wa magharibi ukikaa siku mbili tatu, unayasukuma maji kuelekea Finland, na pwani ya Ujerumani inashuka kwa nusu mita au zaidi. Upepo ukilegea au ukigeuka, maji yanarudi, na bahari nzima inasukasuka kwa mwendo wa karibu saa 27 kwa mzunguko mmoja. Ndani ya Bodden mabadiliko yanachelewa, kwa sababu maji yote yanapita kwenye milango myembamba.

Kwa Suhrendorf maana yake ni hii: siku nzuri ya tatu ya upepo wa magharibi, ambayo kila mtu ameisubiri, inaweza kukuta maji yamekimbia na pezi linakwaruza mahali ambapo juzi ulikuwa unapita. Vipimo vya pwani hii kwa desturi vimewekwa ili 500 iwe usawa wa kawaida, kwa sentimita. Ukisoma 450, maji yamepungua nusu mita. Chagua Wiek au beba pezi fupi zaidi. Ukisoma 550 na upepo unatoka kaskazini-mashariki, ufuko wa Schaabe utakuwa mwembamba na nafasi ya kurushia kaiti imeliwa.

Hali ikizidi, ni gharika. Tarehe 13 Novemba 1872 maji yalipanda zaidi ya mita 3 sehemu za Baltiki ya magharibi. Oktoba 2023 upepo wa mashariki ulipandisha maji ya Flensburg mita 2.27 juu ya kawaida, na mawimbi yakaharibu bandari ya Sassnitz. Siku za namna hiyo hakuna pwani inayofaa.

Nguvu: namba inayodanganya

Kituo cha hali ya hewa cha Kap Arkona, ncha ya kaskazini, kinatajwa na kila mtu kwa sababu ni miongoni mwa vituo vyenye upepo mwingi Ujerumani. Ndiyo tatizo lake. Kimekaa juu ya genge la zaidi ya mita 40, na upepo unaopanda genge hubanwa na kuongeza kasi. Noti 25 za Arkona si noti 25 za Wiek. Kwa upande wa kusini-mashariki, soma kituo cha kisiwa cha Greifswalder Oie.

Utabiri nao una macho tofauti. Modeli (hesabu za kompyuta) kubwa za dunia hugawa ramani kwa vipande vya kilomita kumi hivi, na kwa vipande hivyo Hiddensee haipo. Modeli ya ICON-D2 ya idara ya hali ya hewa ya Ujerumani hutumia vipande vya kilomita 2.2, hiyo inaona Bodden na ndimi za mchanga. Kwa siku mbili zijazo tumia hiyo, kwa juma zima tumia nyingine kujua mwelekeo tu.

Hata modeli nzuri hukosea majira ya kuchipua, na sababu yake ni rahisi. Mei hewa ya nchi kavu inaweza kufika nyuzi 20 na zaidi wakati bahari iko nyuzi 10. Hewa yenye joto ikipita juu ya maji baridi, tabaka la chini linapoa, linakuwa zito na kubaki limelala; upepo wa juu unateleza juu yake bila kushuka. Bendera ya mnarani inapepea, tanga majini linalegea. Septemba na Oktoba mambo yanageuka: maji bado yana nyuzi 12 hadi 17, hewa ni baridi, inapashwa joto kutoka chini, inachemka, na upepo wa juu unashushwa kwa vishindo. Noti 18 za Oktoba zinakuja na vishindo vya 26.

Juu ya hayo, hewa baridi ni nzito. Hewa ya nyuzi 5 ina uzito karibu asilimia 8 zaidi ya hewa ya nyuzi 28 ya pwani ya Zanzibar. Na nguvu hupanda kwa mraba wa kasi: upepo ukitoka noti 20 kufika 25, mvuto umepanda kwa zaidi ya nusu. Aliyezoea kaiti ya mita za mraba 12 katika joto atapata Novemba kwamba ya 10 inatosha.

Kwa mtu wa kilo 75 hadi 80, mizani ya wastani ni hii. Noti 14 hadi 19: kaiti ya 12, au tanga la mita za mraba 7 na ubao wa lita 110 hadi 120. Noti 19 hadi 25: kaiti ya 9, au tanga la 5.5 na lita 95 hivi. Noti 25 hadi 32: kaiti ya 7 au ndogo zaidi, au tanga la 4.5 na lita 80 hadi 85. Ongeza lita chache kuliko ungechukua Bahari ya Hindi: maji ya hapa yana chumvi gramu 8 au 9 kwa lita badala ya 35, hivyo ubao wa lita 85 hubeba pungufu kwa karibu kilo moja na nusu.

Julai na Agosti wageni ni wengi na upepo ni haba. Upepo wa baharini wa mchana upo, lakini kisiwa kimekatika mno: unaingia kutoka pande zote na kuuana katikati. Huonekana zaidi kwenye fuko za nje, na ikiwa upepo mkuu siku hiyo ni wa magharibi dhaifu, fuko za mashariki hubaki kimya hadi jioni.

Baridi

Bahari ya nje ina nyuzi 2 hadi 4 Februari, 10 hivi Mei, 17 hadi 20 Agosti, na hushuka tena hadi 12 hivi Oktoba. Bodden, kwa kuwa ni za kina kifupi, hukimbia mbele: Mei hupata joto mapema, na majira ya baridi kali huganda, kwani maji yenye chumvi kidogo huganda karibu na nyuzi sifuri.

Suti ya mpira ya milimita 5/4 (unene wa 5 kiwiliwili, 4 mikono na miguu) yenye kofia, glavu na viatu ni ya Novemba hadi Aprili. Ya 4/3 ni ya Mei, Juni na majira ya majani kuanguka. Ya 3/2 ni ya katikati ya kiangazi, na hata hapo kuna hila: upepo wa mashariki ukivuma siku kadhaa, maji ya juu kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya Rügen na Hiddensee husukumwa kuelekea bahari kuu na maji ya chini yanapanda kuchukua nafasi. Usiku mmoja unaweza kuondoa nyuzi tano au zaidi. Siku hiyo ingia Bodden.

Anayeanguka kwenye maji ya karibu na kuganda bila suti ya kutosha ana kama dakika moja ya kuituliza pumzi, kama dakika kumi za mikono kutii, na kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Ile ya kati ndiyo muhimu kwa wenye kaiti, maana vidole visivyofunga haviwezi kufungua kifyatuo cha dharura. Kijaribu kifyatuo ufukoni ukiwa na glavu zilezile.

Yanayowakuta watu

Kurusha kaiti kunataka mita 50 tupu upande wa demani, yaani urefu wa kamba mara mbili. Kwenye Bodden nafasi hiyo mara nyingi inavamiwa na uzio, gari au mti. Hamia kurushia ndani ya maji ya magotini.

Kaiti ikifa mbali na pwani: vuta kifyatuo cha kwanza ili nguvu iondoke, jivute kwenye kamba moja tu huku ukizungusha zote kwenye fimbo ya kuongozea, funga fundo zisifunguke, ifikie kaiti, ilalie na kushika ncha mbili iwe kama tanga. Usiiache. Kaiti ya rangi huonekana na meli za uokoaji, kichwa cha mtu hakionekani. Mwenye ubao wa tanga naye asiuache ubao. Tanga linaweza kuachwa. Simu kwenye mfuko usiopenya maji, namba ni 112.

Vijiti vyenye bendera ndogo ndani ya Bodden ni alama za nyavu, hasa Machi na Aprili samaki wa heringi wanapoingia Greifswalder Bodden kutaga. Pezi na foili hunasa humo. Njia za meli zilizowekewa maboya ni marufuku kwa kaiti na ubao wa tanga, na vilevile kutoka usiku au kwenye ukungu.

Upande wa magharibi wote umo ndani au kando ya hifadhi ya taifa ya Vorpommersche Boddenlandschaft, iliyoanzishwa mwaka 1990. Sababu kubwa ni ndege. Majira ya majani kuanguka korongo kwa maelfu mengi hulala wamesimama kwenye maji mafupi yaleyale tunayoyapenda, na kaiti machoni pao ni tai mkubwa. Kundi likiruka usiku wa kuamkia safari ya kusini limepoteza mafuta ya mwilini ambayo hayarudi kirahisi. Soma ubao wa ramani ufukoni kabla ya kufungua mfuko, kaa ndani ya maboya, na rasi ya Bug, kusini ya Dranske, iache kabisa.

Andika jina na namba ya simu kwenye ubao. Ubao mtupu ukionekana unaelea, waokoaji hutoka kutafuta mwili. Namba ikiwepo wanapiga simu kwanza.

Linabaki suala la barabara. Upepo ukigeuka ukiwa Suhrendorf na unataka Wiek, njia fupi ni kivuko cha Wittower Fähre, dakika chache tu juu ya maji. Kikiwa kimesimama au foleni ni ndefu, unazunguka kupitia Sagard na Glowe, halafu Schaabe nzima chini ya misonobari. Katika mzunguko huo simama Glowe, panda tuta la mchanga utazame bahari: upepo wa kaskazini-magharibi ukiwa umeshafika pale, huna haja ya kuendelea hadi Wiek.